Chumvi Haina Mabawa

4 Machi

Kaka,

Lori la kambini kwenu linaondoka kila Jumanne ya pili, nimeambiwa pale ofisini kwenu, na anayechelewesha barua anasubiri wiki mbili nyingine. Kwa hiyo naandika nikiwa nimesimama, karatasi iko juu ya kifuniko cha tangi lako, na yule samaki wako Mwenyekiti ananitazama kupitia kioo kama karani anayetaka kufunga dirisha.

Ni wiki tatu tangu uondoke. Daftari lako la maelekezo lina kurasa arobaini na moja na nimelisoma lote, ingawa maandishi yako ni ya sisimizi na mengine nimeyasoma kwa kukisia. Kila jioni nikirudi kutoka maktaba ya shule najaza maji yaliyopungua, lita mbili na nusu, maji matupu yaliyochujwa, mpaka kwenye mstari mwekundu uliouchora. Nafuta kioo. Nampa Mwenyekiti chakula, naye anakilia kwenye kona yake ileile, hasogei, kana kwamba akisogea kuna mtu atakaa pale. Kinyozi, yule kamba wako mwenye masharubu meupe, anamsafisha mapezi kila siku na halipwi. Tumbawe la vidole limefunguka vizuri. Asubuhi vidole vyote vinapepea, na kwa dakika moja naelewa kwa nini ulilipenda jambo hili. Kisha nasikia pampu inakoroma na ninaacha kuelewa.

Tatizo ni moja. Uliniachia chumvi thelathini na tano, yaani gramu kwa kila lita. Leo kipimo kinasema thelathini na sita. Sijui imetoka wapi.

La pili. Chuo kimenijibu. Wamenipa nafasi, uzamili wa takwimu, miaka miwili, kuanzia Septemba. Jibu langu wanalitaka kabla ya mwisho wa Julai. Ulisema unarudi tarehe ishirini Juni. Hiyo tarehe nimeihesabu mara nyingi kuliko wewe. Mama sijamwambia. Siwezi kumwambia leo kwamba namwacha peke yake, halafu miezi minne baadaye nimwambie kwamba hapana, Kaka anarudi. Nataka ayasikie yote mawili siku moja, wewe ukiwa umekaa hapa sebuleni. Tafadhali usimwandikie lolote.

Yeye hajambo. Bado hapiti mbele ya tangi bila kusonya. Jana aligonga bega kwenye kabati lake la vyombo, kule kwenye korido ulikolihamishia, akasema, "Sahani zangu za harusi ziko njiani kama wapangaji waliofukuzwa. Samaki ndio wamekaa sebuleni." Ulilijenga tangi mwaka ule baada ya msiba wa Baba, tulipokuwa hatuna la kuambiana, na sote watatu tukalitazama badala ya kutazamana. Hilo nalijua. Lakini na sahani ni zake.

Niambie kuhusu chumvi.

Mdogo wako


18 Machi

Profesa wangu,

Hongera! Hongera mara mia! Nimewasomea wenzangu hapa kambini barua yako, sehemu ya chuo tu, na mpishi ameongeza sukari kwenye chai kwa heshima yako. Nilijua. Tangu ulipokuwa unahesabu kokoto za uani na kumpelekea Baba jumla yake.

Sasa, chumvi. Usikasirike, lakini nauliza: unajazia maji gani? Kosa hili kila mgeni analifanya. Mtu anajiambia, hii ni bahari, acha niongeze maji ya bahari. Hapana. Kinachopotea kila siku ni maji tu. Maji yanaruka hewani, chumvi haina mabawa. Inabaki. Ukijazia maji ya chumvi, kila siku unaongeza chumvi juu ya chumvi. Jazia maji matupu. Iko ukurasa wa tatu.

Huku ni mawe na upepo. Tunapima ardhi ambayo sidhani kama kuna mtu aliwahi kuihitaji. Hata mate ni anasa. Jioni nafumba macho nalifikiria tangi, nasikia maji.

Mpe Mama salamu. Mwenyekiti pia.

Kapteni (asiye na meli)


1 Aprili

Kaka,

Barua yako imenifikia jana. Niliisoma mara mbili ili niwe na uhakika kwamba kweli umeniuliza kama najua tofauti ya maji na maji ya chumvi.

Soma tena barua yangu ya kwanza. Nilikuandikia "maji matupu yaliyochujwa". Ukurasa wako wa tatu naujua kwa moyo. Kipimo nimekisafisha na kukipima kwa maji ya dukani ambayo kiwango chake kinajulikana. Ni kizima. Na sasa nimeanza kupima mara mbili kwa siku, kabla ya kwenda kazini na nikirudi, nimechora na grafu, kwa sababu mimi ndiye Profesa, sivyo? Grafu inasema hivi: usiku chumvi haipandi kabisa. Inapanda mchana, kati ya saa moja asubuhi na saa kumi, nikiwa kazini. Kidogo sana, kila siku, kama mtu anayepanda ngazi bila haraka. Nikijazia maji jioni inashuka, lakini haishuki mpaka ilipokuwa jana. Leo ni thelathini na saba. Nadhani ni joto la mchana, lakini joto lingekuwa linachukua maji tu, na maji nayarudisha. Hesabu hainipi jibu, na hicho ndicho kitu nisichokivumilia duniani.

Kuna vumbi jeupe kwenye kitasa cha kabati la chini, pale penye pampu. Nadhani pampu inarusha matone yanakauka. Nimelifuta. Limerudi.

Vidole vimeanza kujikunja. Asubuhi havifunguki vyote tena.

Nilimwuliza Mama kama mchana nyumba huwa na joto sana. Alikuwa anakunja nguo.

"Kwani samaki wanalalamika?"

"Mama, nauliza tu."

"Bahari yenyewe ina plagi," akasema. "Umeme ukikatika, bahari inakufa. Umewahi kusikia wapi?"

Kisha akaniuliza kwa nini kila jioni nawamwagia samaki maji ya kunywa. Nikamwambia ndivyo inavyotakiwa. Akasema, "Haya," ile haya yake ambayo maana yake siyo haya.

Hujaniambia lolote kuhusu Juni.

Mdogo wako


15 Aprili

Profesa,

Nimekoma. Samahani.

Thelathini na saba ni nyingi, na barua hii ikikufikia itakuwa imezidi. Fanya hivi, na safari hii usibishane, fanya tu: toa theluthi ya maji yote, weka maji mapya yenye chumvi ndogo, thelathini hivi. Siku moja, mara moja. Vidole vitafunguka.

Hakuna mtu mwingine anayeligusa? Mgeni? Mtoto wa jirani?

Kuhusu Juni, kuna mambo ya mkataba hapa, tutaongea. Mkuu wa kambi anapenda mikutano kuliko ramani. Usijali.

Kapteni


29 Aprili

Kaka,

Kinyozi amekufa.

Nakueleza kwa utaratibu ili nisije nikakutukana. Jumamosi, kabla barua yako haijafika, chumvi ilikuwa thelathini na nane. Nilishindwa kukusubiri. Nilitoa theluthi ya maji kwa akili yangu, nikaweka maji ya thelathini na mbili, ndoo kwa ndoo, kutoka bafuni mpaka sebuleni, mgongo ukaniuma siku mbili. Ikashuka hadi thelathini na sita. Vidole viwili vitatu vikatoka. Nilikaa chini mbele ya kioo nikala mkate mkavu na nilikuwa na furaha, kwa kweli.

Jumatatu ikaja barua yako. "Usibishane, fanya tu."

Nilijua, Kaka. Nilikuwa na kipimo mkononi. Nilijua kwamba unajibu tangi la wiki nne zilizopita, tangi ambalo halipo tena. Lakini tangu Machi nimebishana na wewe, nimebishana na grafu, nimebishana na Mama kimoyomoyo, na nilichoka kuwa mtu anayejua. Nikafanya. Theluthi nyingine, ya thelathini. Kesho yake asubuhi Kinyozi alikuwa amelala ubavu nyuma ya jiwe, na Mwenyekiti ameondoka kwenye kona yake, kwa mara ya kwanza, amesimama juu yake. Kutoka thelathini na nane hadi thelathini na nne kwa siku tatu. Kamba hawezi. Iko ukurasa wa kumi na tisa, kwa maandishi ya sisimizi, umeipigia mstari.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Yako imeua kamba.

Na hapana, hakuna mtu mwingine anayeligusa. Nani? Mama? Mama akipita hapo anageuza uso.

"Tutaongea" ni neno gani? Tunaongea sasa. Hii ndiyo njia tuliyonayo. Tarehe ishirini Juni unakuja au huji?

Mdogo wako


3 Mei

Mwanangu,

Ukiona naandika mwenyewe ujue kuna jambo. Naandika herufi kubwa kwa sababu miwani yangu imevunjika na bila miwani naona herufi zako kama chungu wanaohama. UKIJIBU ANDIKA MAKUBWA.

Barua hii naipeleka mwenyewe mpaka ofisini kwenu. Mdogo wako asijue.

Mwanangu, mdogo wako analiua tangi lako. Sisemi kwa ubaya. Tangu ulipoondoka kila jioni anarudi, anachukua mtungi wa maji ya kunywa, anamwaga humo. Kila jioni! Wewe nilikuona kwa macho yangu, ulikuwa unatia chumvi. Ile nyeupe ya kwenye pipa, unakoroga. Siku unaondoka ulisema hapo mlangoni, "Hawa bila chumvi ni maiti." Mimi nilikuwa nimeshika begi lako, nilisikia. Sasa huyu anageuza bahari kuwa kisima.

Na sababu naijua. Kabla miwani haijavunjika nilikuwa natafuta kiberiti, nikakuta barua ya chuo chini ya karatasi za rafu jikoni. Amepata nafasi. Ameificha. Nikasema, aa, kumbe. Anataka kwenda, na tangi ndilo limemfunga mguu. Tangi likifa lenyewe hakuna wa kumlaumu. Simlaumu hata mimi. Ningekuwa na umri wake ningelipiga na mchi.

Lakini nilikuona ulivyokuwa mwaka ule, baba yenu alipotutoka. Ulikuwa huli. Ukaanza kupanga mawe humo ndani, siku moja ukaniomba chai. Kwa hiyo nikasema halifi nikiwepo. Kila asubuhi, yeye akishashuka ngazi, nafungua kimlango cha chini natia kijiko kimoja kikubwa cha chumvi ya pipa. Siku ile alipomwaga mandoo yote nilitia vitatu. Hata hivyo yule mdudu wa masharubu alikufa. Nilimlilia kidogo, usimwambie mtu. Samaki mwenyewe nampenda pia, ana adabu, ananiangalia nikiongea.

Sasa nikuulize wewe. Mkubwa ni wewe. Unarudi Juni, au unamzungusha mdogo wako? Niambie ukweli mimi, nitajua namna ya kumwambia.

Mama yenu


17 Mei

Mama,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikacheka mpaka wenzangu wakaja kuangalia kuna nini, halafu nikatoka nje nikakaa peke yangu.

Mama, acha kutia chumvi. Acha leo. Mdogo wangu yuko sahihi kabisa. Mimi nilikuwa natia chumvi siku za kubadilisha maji tu, na wewe uliniona siku hizo. Siku nyingine zote ni maji matupu. Jua na taa vinachukua maji, vinaiacha chumvi. Maji yanaruka, chumvi haina mabawa. Yeye anarudisha kilichoondoka. Wewe ulikuwa unaongeza kilichobaki. Yeye hakuwa anaua tangi, Mama, na wewe hukuwa unaliokoa. Kosa ni langu. Niliandika kurasa arobaini na moja za kumfundisha yeye, na wewe nilikwambia maneno matatu tu: Mama, usiguse tangi.

La pili ni gumu. Siji Juni. Nilisaini mwaka mwingine mwezi wa Machi, wiki ileile aliponiandikia habari za chuo. Barua yake ilikuwa mfukoni nilipokuwa nasaini. Nimeshindwa kumwambia. Nikiwa nyumbani, Mama, mimi ni kiti cha Baba. Kila mtu ananitazama nimekaaje. Huku ni mpima ardhi tu. Nipe muda, nitamwandikia mwenyewe. Wewe usimwambie kitu.

Karatasi ndiyo hii moja, imebidi nibane maandishi. Nisamehe.

Mwanao


31 Mei

Kaka,

Miwani ya Mama imevunjika. Alikuandikia. Alikwambia kwa herufi kubwa uandike makubwa. Ukaandika kwa ajili ya sisimizi.

Alikaa na barua yako siku mbili. Alhamisi nilimkuta dirishani ameinyoosha mbali na uso kama anayepima kitambaa. Ijumaa alivaa miwani ya Baba ya zamani, akapepesuka, akashika ukuta. Sikujua ni barua yako, alikuwa anaiweka kifuani nikipita. Jumamosi saa tatu asubuhi alikuja sebuleni akanipa.

"Nisomee," akasema. "Ukifika mahali pasipokuhusu, ruka."

"Nitajuaje hapanihusu kabla sijapasoma?"

"Wewe si umesoma? Utajua."

Nikasoma kwa sauti. Mama, shikamoo. Akaitikia, "Marahaba," kama upo. Nikasoma kwamba ulicheka, akatabasamu. Kisha nikasoma, "Mama, acha kutia chumvi," na nikaendelea kusoma maneno mawili matatu zaidi kabla akili haijafika mdomoni.

Nilimwangalia. Alikuwa anaangalia tangi.

"Mama. Ni wewe?"

"Kijiko kimoja."

"Kila siku?"

"Kila asubuhi. Kikubwa."

Kaka, miezi mitatu. Nina grafu sita. Nimepima maji saa kumi na moja alfajiri kabla ya kunawa uso. Nimekituhumu kipimo, pampu, jua, duka, na zaidi ya vyote nimejituhumu mimi, kwamba kuna jambo dogo silioni na litakuwa hivyohivyo maishani mwangu mwote. Na lile vumbi jeupe kwenye kitasa nililifuta kwa mkono wangu, nikalitafutia maelezo. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilipiga kelele. Nilimpigia Mama kelele, jambo ambalo sijawahi kulifanya.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungesema nini? Ungeniambia 'ndivyo inavyotakiwa'. Si ndivyo ulivyonijibu?"

"Ulidhani nawaua samaki wa Kaka makusudi?"

"Nilidhani umechoka," akasema. "Mtu akichoka hasemi. Baba yako hakusema."

Basi sote tukamtazama Mwenyekiti, kama mwaka ule. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Kwamba tulirudi palepale, kwenye kioo kilekile, wawili badala ya watatu.

"Malizia," Mama akasema.

Nikamalizia. Siji Juni. Nilisaini. Barua yake ilikuwa mfukoni. Nilisoma kwa sauti moja, sikuruka neno, mpaka "nisamehe". Nikaikunja nikamrudishia.

Mama alisema, "Hapo ndipo ulipotakiwa kuruka."

Uliniambia hongera mara mia, Kaka. Mpishi akaongeza sukari. Na kalamu ilikuwa bado ina joto mkononi mwako. Kama ungesema ukweli mwezi wa Machi ningekuwa na miezi mitano ya kufikiri, ya kumwambia Mama, ya kupanga. Umeniachia miwili. Jibu la chuo nimeliandika, liko ndani ya bahasha, sijalituma, na sitaki kukwambia linasemaje. Sasa ni zamu yako kusubiri wiki nne.

Chumvi ni thelathini na saba na nusu. Vidole vimefunga.

Mdogo wako


14 Juni

Mdogo wangu,

Sina utetezi. Nimeandika barua nne nimezichana.

Nenda chuo. Tafadhali. Usibaki kwa ajili yangu wala kwa ajili ya samaki. Uza tangi. Yule bwana wa duka la samaki karibu na posta alishawahi kuniomba. Mwite, atakuja na wenzake, kwa saa tatu kila kitu kitakuwa kimeondoka, na kabati la Mama litarudi mahali pake. Mama atafurahi. Mimi nitazoea.

Ni mimi niliyewafunga na kitu kile. Nakufungua.

Kakako


28 Juni

Kaka,

Unanifungua. Ukiwa umbali wa siku nne kwa lori, kwa kalamu. Unalipanga jambo kama unavyopanga ramani: hapa kuna tangi, hapa kuna kabati, vibadilishane. Hukuuliza mtu hata safari hii.

Lakini nilifanya. Ndivyo nilivyo, nalalamika huku nafanya. Nilimwita yule bwana wa duka, akaja Jumamosi na mipira ya kunyonya maji na mapipa matatu. Mama akamfungulia mlango nusu.

"Nimekuja kuchukua tangi, mama."

"Tangi gani?"

"La samaki. Binti yako kaniita."

"Binti yangu hana tangi. Mwenye tangi hayupo, na mwenye sebule ni mimi. Wewe umekuja kumchukua nani?"

Yule bwana akanitafuta kwa macho juu ya bega lake. Nikasema, "Mama, Kaka amekubali. Kabati lako litarudi."

"Kabati nimeshalizoea," akasema. "Sasa nikilikosa pale koridoni nitagonga ukuta."

Na akafunga mlango. Mtu wa watu akateremka ngazi tatu za ghorofa na mapipa yake matupu, niliyasikia yanavyogongana mpaka chini.

Nilimwuliza Mama anataka nini, maana nilikuwa nimechoka kabisa. Alikaa kwenye kiti mbele ya kioo. Alisema mchana nyumba ikiwa kimya, huyu samaki ndiye anayemsikiliza. Alisema miezi mitatu hakuwahi kukosa asubuhi hata moja, hata ile wiki alipokuwa na homa, na mtu anayeweza kukosea kila siku bila kukosa siku anaweza pia kufundishwa. Kisha akasema, bila kunigeukia, "Na wewe tuma hiyo bahasha. Imekaa juu ya friji mpaka imepata mafuta."

Alijua ilipo. Katika nyumba hii kila mtu anajua kila kitu na hakuna anayesema.

Basi nafundisha. Nilidhani itakuwa rahisi. Hapana. Anataka kujua kwa nini, kila hatua, na nikimweleza anasema "haya" ileile. Nimeyaandika upya maelekezo yako kwenye karatasi nne za ukutani, herufi za ukubwa wa kidole. Nimetupa kurasa thelathini na tano, hazikuwa na maana, ulikuwa unajisifu. Kijiko nimekificha. Amekitafuta, nimemwona. Jumatano nilimkuta amesimama mbele ya pipa la chumvi, mikono nyuma, kama mtu aliyeacha sigara.

Chumvi ni thelathini na sita na inashuka taratibu. Vidole vitatu vimetoka. Mapengo ya vile vilivyokufa hayatajaa.

Bahasha nimeituma. Naondoka tarehe thelathini Agosti.

Usiniandikie kwamba unajivunia mimi. Sijafika hapo. Ninapofikiri kwamba jibu lilikuwa ndani ya nyumba, umbali wa hatua sita kutoka kitandani kwangu, na mimi nikalituma swali mpaka jangwani kwa lori, nashindwa kujua nikukasirikie wewe au nijikasirikie mimi. Kwa sasa nimeamua wewe.

Mdogo wako


13 Septemba

Mwanangu,

CHUMVI 35.

Nimeanza na hiyo kwa sababu mdogo wako aliniambia ndivyo barua za tangi zinavyoanza. Nimepima mwenyewe. Nina miwani mpya, lakini naendelea kuandika makubwa ili ujifunze.

Ameondoka. Nilimsindikiza mpaka stendi. Hakulia, mimi ndiye niliyelia. Basi likiwa limeanza kuondoka akafungua dirisha. Nikajua anataka kusema neno la kwaheri. Akapiga kelele, "Mama, maji matupu!" Watu wote wakanigeukia.

Hajakusamehe. Anasema ataandika akipata nafasi. Nafasi anayo. Mwandikie wewe kwanza, na useme ulichokifanya, usiseme mambo ya mkataba.

Samaki amerudi kwenye kona yake. Vidole viko saba. Asubuhi nakaa hapo na chai yangu. Jioni namwaga maji mpaka kwenye mstari mwekundu, matupu, mkono bado unataka chumvi lakini naukataza.

Siku moja nilikuwa namwaga, nikayakumbuka yale maneno yako aliyonisomea. Maji yanaruka, chumvi haina mabawa. Nikayafikiria. Mwanangu, katika nyumba hii aliruka baba yenu, ukaruka wewe, sasa ameruka na huyu. Chumvi ni mimi. Silalamiki, ndivyo ilivyo. Lakini nimejifunza jambo kwenye tangi lako. Maji yakipungua na hakuna anayerudisha, kilichobaki kinakuwa kikali mpaka kinaua kilicho karibu. Nilikuwa mkali mwaka huu. Nilimfikiria mtoto wangu mabaya, miezi mitatu, na sikumwuliza.

Kwa hiyo msiniletee ndoo nzima siku moja halafu mkanyamaza mwaka. Mdudu wa masharubu alikufa hivyo. Kidogo kidogo. Kila lori, barua.

ANDIKA MAKUBWA.

Mama yenu